KINGA YA MWILI NA SARATANI: KWA NINI WALINZI HUSHINDWA?

Katika semina ya afya ya akina mama parokiani, mama mmoja alisimama akauliza: "Mnatufundisha kwamba mwili una kinga. Mafua yanakwisha yenyewe, kidonda kinapona. Sasa saratani inaotaje mbele ya kinga hiyo hiyo?" Swali hilo si dogo. Mtaalamu wa Kijerumani Paul Ehrlich alilifikiria tangu mwaka 1909, na jibu lake limeanza kueleweka vizuri katika miaka yetu hii. Mwezi huu tumeona tulijibu hapa, kwa sababu wapo watu wanaopoteza maisha kwa kulielewa vibaya.

Kwanza tuelewe saratani ni nini. Mwili umejengwa kwa seli, chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Seli hugawanyika kila siku kuziba nafasi za zile zilizokufa, na katika kugawanyika hutokea makosa. Makosa mengi hurekebishwa, au seli yenye kosa hujiua yenyewe. Lakini moja moja hubaki, ikaendelea kuzaana bila kusikiliza amri ya mwili. Basi saratani si mdudu aliyetoka nje kama vijidudu vya malaria. Ni mtoto wa nyumbani aliyeasi, na sura yake ni ya ukoo. Hapo ndipo ugumu wa walinzi unapoanzia.

Walinzi hao ni chembe nyeupe za damu, ambazo Mwenyezi Mungu ameziweka zizunguke mwilini usiku na mchana. Kila seli hutandaza juu ya ngozi yake vipande vidogo vya vitu inavyotengeneza ndani, kama mwenye duka anavyopanga bidhaa barazani. Walinzi waitwao seli T hupita wakikagua. Wakiona kipande kigeni, wanaiua seli ile. Wapo walinzi wengine ambao kazi yao ni kushuku duka lililofunga mlango siku ya gulio: seli isiyoonyesha kitu chochote nayo huuawa. Kwa njia hii seli nyingi zilizoharibika huondolewa nasi hatujui.

Mara nyingine hazimaliziki zote. Zinabaki chache, zimezingirwa, hazikui wala hazifi, pengine kwa miaka mingi. Mwaka 2003 madaktari wa Scotland waliandika habari ya mtu aliyekuwa amekatwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma, akaonekana amepona. Alipofariki, figo zake zilipewa wagonjwa wawili. Wote wawili wakaota melanoma iliyotoka kwake, ingawa ilikuwa imepita miaka 16 tangu akatwe. Figo ya mtu mwingine haikai mwilini bila dawa za kupunguza nguvu ya kinga, na wagonjwa wale walikuwa wanazitumia. Seli zilizokuwa zimelala chini ya ulinzi kwa mwenyewe ziliamka mahali ambapo walinzi walikuwa wamefungwa mikono.

Lakini mbona hata mtu mwenye kinga nzuri huugua? Wakulima wa mpunga watatuelewa upesi. Wakati wa palizi, magugu yaliyo tofauti hung'olewa yote, ila mpunga mwitu unaofanana na mpunga wenyewe huponea. Ukipalilia hivyo msimu baada ya msimu, shamba hujaa gugu lile lile linalojificha. Walinzi nao huua seli zinazoonekana, na zile zinazojua kujificha ndizo zinazobaki kuzaana. Tena saratani ina hila nyingine. Seli T zina breki, ili zisije zikaharibu mwili wenyewe. Saratani hujifunza kuikanyaga breki hiyo, mlinzi akasimama mlangoni amezubaa. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kugundua njia ya kuiachia breki. Dawa zilizotokana na kazi yao hutolewa kwa dripu, ni ghali sana, na huwasaidia baadhi ya wagonjwa wa baadhi ya saratani. Nazo zina hatari yake: walinzi walioachiwa wanaweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi za mgonjwa mwenyewe.

Tunalisema hili kwa makusudi. Kinga si maji ya kwenye dumu, kwamba yakipungua unajaza. Mtu anayeuza chupa mnadani akitangaza "dawa ya kuongeza kinga, inatibu saratani zote" hajui anachokisema, au anajua na hajali.

Tutazame sasa yaliyo karibu nasi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa maeneo yenye malaria nyingi. Mwaka 1964, katika uvimbe uliopelekwa London kutoka Uganda, walipatikana virusi ambavyo sasa huitwa Epstein-Barr. Karibu sisi sote tunavyo na havitusumbui, maana walinzi huvibana. Malaria ya kurudia rudia humlegeza mlinzi huyo kwa mtoto, na wakati huo huo huzichochea chembe za damu zinazobeba virusi hivyo kuzaana ovyo. Kwa hiyo chandarua kinamkinga mtoto na zaidi ya homa.

Halafu ukaja UKIMWI. Saratani ya ngozi iitwayo Kaposi ilijulikana zamani katika nchi zetu, hasa kwa wanaume wa makamo na wazee. Kinga za watu zilipoanguka, ikawa ya vijana, wake kwa waume. Zilipopatikana dawa za kufubaza virusi, wapo wagonjwa ambao madoa yao yalipungua kwa dawa hizo tu, kwa kuwa walinzi wao walirudi kazini.

Ila kwa akina mama, jambo kubwa zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi. Karibu kila mara huletwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa kujamiiana. Watu wengi sana huvipata wakati fulani wa maisha, na kwa walio wengi kinga huvifuta ndani ya miaka miwili hivi. Vinapokaa, huzibadilisha seli polepole. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, safari hiyo mpaka saratani huchukua miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa, yaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani hii mara sita kuliko mwenzake.

Tunamkumbuka mama mmoja aliyeletwa na dada yake. Alikuwa akitokwa na damu kwa zaidi ya mwaka. Katika mwaka huo alinunua chupa baada ya chupa za kuongeza kinga, na kwa kuwa muuzaji alimwambia asichanganye dawa, aliacha zile za kliniki. "Sista, nilidhani kinga ikipanda damu itakoma," alisema. Basi alikuwa amewaondoa walinzi kwa mkono wake mwenyewe, akiamini anawaongeza. Ugonjwa ulikuwa umekwisha toka kwenye mlango wa kizazi ukashika kibofu. Tulimwandikia barua ya rufaa kwenda kwenye mionzi, na shamba likauzwa kwa ajili ya nauli na matunzo.

Miaka ile 15, au ile 5, ndiyo nafasi yetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 30. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, na arudi mara nyingi zaidi kama kliniki itakavyompangia. Katika vituo vingi hutumika siki: hupakwa kwenye mlango wa kizazi, na penye seli zilizobadilika pakawa peupe. Ni kazi ya dakika chache. Doa dogo huweza kuondolewa kwa kugandishwa au kwa joto, mara nyingi siku hiyo hiyo, kabla halijawa saratani. Akina baba, msiwaulize wake zenu wanakwenda kutafuta nini; wasindikizeni.

Kwa mabinti ipo chanjo. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawafikia wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Wazazi hutuuliza: kwa nini apewe mtoto ambaye hajui mwanamume? Kwa sababu chanjo huwafundisha walinzi kumtambua adui kabla hajafika. Akiisha kuingia, haimtoi. Na binti aliyejitunza mpaka siku ya ndoa anaweza kuvipokea kwa mume wake, ambaye naye hajui kama anavyo.

Mama anayetokwa na damu baada ya tendo la ndoa, au aliyekwisha koma hedhi halafu damu ikarudi, au mwenye uchafu wenye harufu mbaya usioisha, asingoje siku ya uchunguzi itangazwe kanisani. Aende kituo cha afya wiki hii, na dawa zake za kliniki asiziache.