Hamu ya Tendo la Ndoa Ikipotea, Chunguza Pia Mawazo

Kijana akiona uume hausimami, au mwanamke kijana akiona hamu imemwishia, kwanza hunyamaza. Kisha hutafuta tiba ya siri: tembe ya dukani au unga wa mitishamba. Wengine huambiwa ni chira. Wachache hujiuliza maswali ambayo mhudumu wa afya angewauliza mapema: Je, unalala vizuri? Una mawazo mengi?

Akili na mwili hushirikiana

Tendo la ndoa huanzia kwenye ubongo. Ubongo hutuma ujumbe kupitia mishipa ya fahamu, na damu hujaa sehemu za siri. Kazi hii huenda vyema mtu akiwa ametulia. Mwenye wasiwasi, mwili wake umejiandaa kukimbia au kupigana: moyo unadunda, misuli imekaza. Mwanamume anaweza kukosa nguvu au kumaliza mapema mno. Mwanamke anaweza kukosa ute na kuhisi maumivu.

Mfadhaiko, yaani huzuni nzito inayodumu, huja kwa njia nyingine. Humwondolea mtu raha ya mambo aliyoyapenda: mpira, kwaya, chakula, na mapenzi pia.

Shida moja huzaa nyingine

Chukua mfano wa mwendesha bodaboda wa miaka 24 hapa Migosi. Mkopo wa pikipiki unamkosesha usingizi. Usiku mmoja mwili unakataa. Mara ya pili anaingia kitandani akijichunguza, na hofu hiyo ndiyo inayomwangusha tena. Anaanza kumkwepa mpenzi wake, naye mpenzi anashuku kuna mwingine. Ugomvi unaongeza mawazo, na mawazo yanazidisha shida ya kitandani.

Wapo pia wanaotafuta pombe na ngono zaidi ili wasahau. Hapo kondomu husahaulika upesi, na hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi huongezeka.

Tahadhari kuhusu dawa

- Sildenafili, ambayo wengi huijua kama Viagra, haitibu mfadhaiko wala hairudishi hamu. Ikichanganywa na dawa za moyo za aina ya nitreti, inaweza kuua. Baadhi ya ARV huongeza nguvu yake mwilini. Usiinunue bila kumwona daktari.
- Baadhi ya dawa za kutibu mfadhaiko, kama fluoksetini, zinaweza kupunguza hamu au kuchelewesha kufika kileleni. Usiziache ghafla. Mweleze daktari, anaweza kupunguza kipimo au kubadilisha dawa.
- Kisukari na shinikizo la damu pia huleta shida hii, hata kwa vijana. Pimwa. Uume ukisimama vizuri alfajiri lakini ukikataa ukiwa na mwenzako, huenda chanzo ni mawazo.

Utafute msaada lini?

Usingoje ikiwa kwa wiki 2 au zaidi una huzuni au wasiwasi karibu kila siku, usingizi umevurugika, huna raha ya chochote, na hamu imepotea. Nenda hospitali ya Migosi au zahanati iliyo karibu, au zungumza na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako. Sema wazi: "Nina shida ya tendo la ndoa, na pia silali vizuri." Maneno hayo mawili yakitajwa pamoja, mhudumu hujua pa kuanzia. Mazungumzo yenu ni siri. Ikihitajika, utapewa rufaa hadi Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado huiita Russia.

Ukiwa na mpenzi, mweleze kwamba si yeye aliyepoteza mvuto. Mkiweza, nendeni pamoja. Tiba ya mazungumzo huwasaidia wengi, na wapendanao wakielewana hofu hupungua.

Mtu akianza kuwaza kujiua, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, au piga 1199, nambari ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya.