Barua Isipotee: Somo kwa Msaidizi wa Ofisi ya Kijiji na Kata

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Katika ofisi ya umma, mali hiyo ni haki ya mwananchi, na daftari limo mikononi mwa msaidizi wa ofisi. Somo hili linawalenga vijana wa kata zetu, kuanzia Msimbati na Madimba hadi Mahurunga na Kitaya, wanaojitolea au wanaotarajia kuajiriwa katika ofisi za vijiji, kata na vyama vya msingi vya ushirika. Linamfaa pia kila mkazi, ili aijue huduma anayostahili.

Tuchukue mfano. Mama mmoja analeta barua: jirani amesogeza mpaka, na mikorosho yake minne imeangukia upande wa pili. Msaidizi anaipokea, anaiweka mezani na kusema, "Njoo wiki ijayo, mama." Wiki ijayo barua haionekani. Msimu unafika, jirani anaokota korosho, na mama hana hata karatasi ya kuthibitisha kwamba alilalamika mapema. Ofisini hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Kilichomdhulumu ni kukosekana kwa utaratibu.

1. Njia ya barua

Barua ikiingia, igongwe muhuri wa tarehe siku hiyo hiyo. Iandikwe katika rejista: tarehe ya kupokelewa, jina la mwandishi, kichwa cha habari na namba ya jalada. Kisha iwekwe katika jalada lake, ipewe namba ya folio kwa mfuatano, ndipo jalada lipelekwe kwa mtendaji. Jalada likitoka, andika limekwenda kwa nani na lini. Mleta barua abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Mama yule akirudi, msaidizi hatapekua droo zote. Atafungua rejista tu. Ikumbukwe kuwa ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Karatasi ya ofisi si ya kufungia maandazi.

2. Muhtasari wa kikao

Mkutano Mkuu wa Kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katibu wake ni Mtendaji wa Kijiji, lakini mara nyingi msaidizi ndiye hunukuu. Muhtasari mzuri haubebi kila neno lililosemwa. Hubeba tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, ajenda na maazimio. Na kwa kila azimio, nani atalitekeleza na kwa muda gani. "Wajumbe walijadili kisima" si azimio. "Kamati ikague kisima na kuleta taarifa katika mkutano ujao" ni azimio. Andika muhtasari wakati kikao kingali kichwani, usingoje mwezi upite.

3. Kumpokea mgeni na kutunza siri

Msalimu mgeni, mpe kiti, msikilize mpaka amalize. Mzee ambaye Kimakonde ndicho kimjiacho kwa wepesi asiharakishwe wala kuchekwa. Rudia shida yake kwa maneno yako ili uhakikishe kuwa umeielewa, kisha umweleze itashughulikiwa na nani. Yaliyomo katika majalada yaishie ofisini; yasifike sokoni wala ufukweni zinapotia nanga mashua. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

4. Kujiamini hutokana na kazi

Vijana wengi hutetemeka wanapoitwa mbele ya mkuu wa ofisi au diwani. Woga huo hauondolewi na sauti kubwa. Huondolewa na maandalizi. Msaidizi aliyesoma jalada kabla ya kuulizwa hujibu bila kubabaika. Asipojua, aseme, "Naomba niangalie kwenye kumbukumbu, nitakujibu leo mchana," naye atimize ahadi. Akikosea, aseme mapema, kabla kosa halijamfikia mwananchi. Heshima ya ofisi hujengwa hivyo, siku baada ya siku.

5. Pa kujiendeleza

Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania kina kampasi mjini Mtwara, na miongoni mwa fani zake ni uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Matangazo ya ajira ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II yamekuwa yakihitaji stashahada ya uhazili, hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza kwa maneno 100 kwa dakika moja, pamoja na ujuzi wa programu za kompyuta za ofisini. Kasi hiyo haipatikani kwa wiki moja. Anza sasa, nusu saa kila siku.

Zoezi

Chukua daftari tupu, lichore safu tano: tarehe, mleta barua, habari, jalada, hatua iliyochukuliwa. Kwa wiki mbili, andika kila barua inayoingia. Mwisho wa muda huo, mwombe mwenzako ataje barua yoyote, nawe uitafute. Ikipatikana kabla mgeni hajamaliza kusalimia, umeanza kuiva.

Nawe mkazi, ukipeleka barua, usiondoke bila nakala yenye muhuri. Ni haki yako, tena humsaidia msaidizi kufanya kazi yake vyema.