USALAMA NA AFYA: Damu inayopotea bila kuonekana

Ndugu mtumishi, na wewe mama wa nyumba, leo tunajifunza namna ya kusaidia mtu aliyeumia vibaya, mbele ya munganga kufika. Somo hili si la watu wa mgodi peke yao. Jiwe linaweza kukuangukia kazini. Pikipiki inaweza kumgonga mtoto wako hapa Kamalondo, siku watu wanapotoka kwa wingi kwenye kiwanja cha mpira cha Mazembe.

Tutwae mfano. Mwanaume amegongwa, paja limevunjika. Chini hakuna damu. Anasema: «Mimi niko mzima, munipe maji tu.» Watu wanafurahi, wanamketisha kwenye kiti, wanamletea maji. Baada ya nusu saa hajibu tena. Amepatwa na nini?

Mtu mzima ana damu karibu lita 5. Mfupa wa paja ukivunjika, damu zaidi ya lita 1 inaweza kumwagika ndani ya nyama ya mguu, na tone moja lisitoke nje. Hapo moyo unapiga mbio ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo, na mwili unainyima ngozi, mikono na miguu. Waganga wanaita hali hii mshituko. Si mshituko wa woga: ni mwili kukosa damu, na unaua.

ALAMA ZAKE

1. Ngozi ni baridi, yenye jasho. Midomo, ulimi na ndani ya kope vinapauka. Kwetu watu weusi, tazama hapo, si usoni.
2. Mapigo ya moyo yanapita 100 kwa dakika; pumzi ni fupi na ya haraka.
3. Kiu, wasiwasi, kusema ovyo, ao kulegea kama mwenye usingizi.
4. Finya ukucha sekunde 5, kisha uachilie. Rangi ikikawia zaidi ya sekunde 2 kurudi, ni hatari.

Usingoje alama zote zionekane.

KAZI YAKO

Kwanza, tazama hatari. Tukumbuke Kolwezi, Juni 2019, udongo ulipoanguka na kuua wachimbaji zaidi ya 40. Udongo uliokwisha kuanguka unaweza kuanguka tena. Tuma mtu kuita msaada, wewe ubaki.

Pili, zuia damu. Weka kitambaa safi juu ya kidonda, kandamiza kwa nguvu na mikono miwili. Usifunue kila mara kuchungulia; kikilowa, ongeza kingine juu yake. Damu ya mkono ao ya mguu ikikataa kusimama, funga kitambaa kipana juu ya kidonda, kuelekea mwili, si kwenye kiungo. Kaza kwa kijiti mpaka damu isimame. Andika saa, wala usilegeze: hiyo ni kazi ya munganga.

Tatu, mlaze chali, mfunike blanketi, na chini yake pia, kwani mwili baridi haugandishi damu vizuri. Akizimia lakini anapumua, mlaze ubavu, shingo isipindike. Mguu uliovunjika, uufunge pamoja na ubao, usiunyoshe kwa nguvu.

Nne, usimpe maji, chai wala pombe. Akitapika, yataingia kwenye mapafu. Tena pengine atapasuliwa. Lowesha midomo tu.

Tano, usimpandishe kwenye pikipiki. Tafuta gari, alale juu ya ubao ao mlango. Ndugu zake wamfuate upesi, iwe Hospitali Sendwe ao kwingine: pengine damu yao itatakiwa.

JIULIZE NYUMBANI

Kwa nini mtu asiyetoka damu anaweza kufa kwa kukosa damu? Kwa nini tunamnyima maji anayelia kiu? Blanketi na kitambaa safi viko wapi kwako?

Waulize watoto pia. Siku ya ajali, pengine ni wao watakaokuwa karibu nawe.