SOMO LA 12: KIDONDA KIDOGO, MSHIPA MKUBWA

Katika somo hili tutajifunza kutunza kidonda cha kinena baada ya moyo kupimwa au kutibiwa kwa mrija. Huenda mgonjwa ni wewe mwenyewe. Huenda ni mama yako au mume wako. Soma polepole, kisha msomee na mwenzako.

Kilichofanyika hospitali

Daktari anaweza kuufikia moyo bila kupasua kifua. Mwaka 1929 daktari wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitisha mrija mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe mpaka ukafika moyoni. Leo kazi hii hufanywa katika nchi nyingi. Hapa Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Wagonjwa wengine hupitishiwa mrija mkononi. Wengine hupitishiwa kwenye kinena. Daktari hutia ganzi, hutoboa mshipa, kisha husukuma mrija mpaka moyoni. Kazi ikiisha mrija hutolewa, na tundu huzibwa au hubanwa mpaka damu ikome. Mgonjwa hulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu.

Kwa nini panauma?

Tundu la nje ni dogo. Ukilitazama utadhani ulichomwa na mwiba. Lakini chini ya ngozi upo mshipa mkubwa, na damu hupita humo kwa nguvu. Basi usikipime kidonda hiki kwa macho. Ngozi huweza kufunga mapema, na mshipa ukawa bado haujapona.

Maumivu kidogo ni kawaida. Damu huweza kuvilia, pakawa na alama nyeusi inayoteremka mpaka pajani. Uvimbe mdogo mgumu kama harage nao ni kawaida. Maumivu yapungue siku hadi siku. Alama huweza kukaa wiki mbili au tatu.

Mambo ya kufuata

1. Siku mbili tatu za kwanza, pumzika. Tembea polepole hapo nyumbani.

2. Ukikohoa, ukipiga chafya au ukijikamua chooni, bonyeza kidonda kwa mkono. Usichuchumae kwa muda mrefu.

3. Wiki ya kwanza usinyanyue kitu kinachozidi kilo 5. Kumbuka kuwa ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20. Usilime, usipasue kuni, usiendeshe baiskeli. Shamba litangoja; jamaa wakusaidie.

4. Oga kwa maji safi na sabuni, kisha pakaushe taratibu. Usiingie mtoni, bwawani wala baharini mpaka kidonda kifunge kabisa.

5. Usipake majani, mafuta wala poda.

6. Meza dawa kama ulivyoandikiwa. Baadhi huzuia damu isigande. Usiziache kwa sababu umeona alama nyeusi. Usinunue dawa nyingine za maumivu kabla ya kumwuliza daktari.

Jirani mwema huenda akaja na kusema, "Pole, baba. Ngoja nikukande kwa maji ya moto." Mshukuru, lakini usikubali. Kukanda na kuchua kunaweza kuufungua mshipa tena. Mjibu, "Ahsante, mwanangu. Hospitali wamenikataza. Nichotee maji tu."

Dalili za hatari

Nenda hospitali upesi ukiona mojawapo ya mambo haya:

- uvimbe unakua au unapiga kama moyo;
- maumivu yanazidi badala ya kupungua;
- mguu umekuwa wa baridi, umekufa ganzi au umebadilika rangi;
- kidonda kina joto au usaha, au una homa;
- kifua kinauma au unapumua kwa shida.

Damu ikitoka, lala chali mara moja. Mwenzako abonyeze kwa nguvu kwa kitambaa safi, juu kidogo ya tundu, kwa dakika 10. Asiachie ili achungulie. Hata ikikoma, nenda ukapimwe. Ikiwa inatoka kwa nguvu au haikomi, msingoje. Tafuteni gari, na mkono usiachie njiani.

Usione haya

Kinena ni mahali pa siri. Kwa hiyo wengine huficha uvimbe mpaka hali inakuwa mbaya. Mganga na muuguzi wameona vinena vingi. Ukipenda, omba uangaliwe faraghani. Nyumbani pia, mchague mtu mmoja unayemwamini akitazame kidonda kila siku. Mficha uchi hazai, walisema wazee.

Maana ya maneno

Kinena: mahali paja linapoungana na tumbo.
Kuvilia: damu kukusanyika chini ya ngozi.
Faragha: mahali pasipo na watu wengine.

Maswali

1. Kwa nini kidonda hiki kisipimwe kwa macho?
2. Ndoo ya lita 20 inazidi kilo 5 kwa kilo ngapi?
3. Taja dalili tatu za hatari.
4. Damu ikitoka, mwenzako afanye nini?

Kazi ya kikundi

Jadilianeni: mgonjwa akirudi kijijini, nani atamchotea maji, na gari la kumpeleka hospitali usiku litapatikana wapi? Andikeni majibu kwenye daftari.