Anatazama gemu asiyoicheza

SWALI: Mume wangu ni mtu mzima, mwalimu, na hana mashine ya gemu. Lakini kila usiku yuko YouTube akitazama watu wakicheza mpira wa kompyuta. Anapata nini? – Msomaji, Bariadi

JIBU: Dada, anapata kile ambacho Wasukuma wamekifuata kwenye ngoma zao, mbina, miaka yote. Makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, yamekuwa yakishindana kwa ngoma tangu karne ya 19, na hadi leo hukutana kwenye tamasha la Bulabo, kule Kisesa, mwezi Juni. Mshindi ni nani? Kundi lililovuta watazamaji wengi. Kutazama ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Gemu za mtandaoni nazo ziko hivyo. Mchezaji anayependwa hutania, hubwata, hulalamika akifungwa. Utamu uko mdomoni mwake kuliko vidoleni. Ndiyo maana mwaka 2014 Amazon iliinunua Twitch, jukwaa lililojengwa kwa kutazama wengine wakicheza, kwa dola milioni 970 hivi. Na aliyechoka kusahihisha madaftari hupumzika akimwachia mwingine jasho la kushindwa.

Mimi ningehofia bando tu. Mwambie ashushe ubora wa picha.