Nafasi ya Istilahi katika Uoanishaji wa Data za Tiba: Mfano wa Kilifi

Tarakilishi haijui tiba; hujua kulinganisha alama na alama. Kwa hivyo, maelezo ya mgonjwa aliye wodini hayawezi kuoanishwa na matokeo ya damu yake maabarani pasipo mambo mawili: nambari moja inayomtambulisha popote atakapokuwa, na istilahi moja kwa kila dhana. Makala haya yanafafanua hoja hiyo kwa mfano wa Kilifi, pwani ya Kenya.

Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, ulioanzishwa Kilifi mwaka wa 1989, ulianza mnamo 2000 kuwaorodhesha wakazi wanaoizunguka hospitali ya huko. Kila mkazi alipewa nambari yake. Hivyo, rekodi ya mtoto aliyelazwa iliweza kuunganishwa na orodha ya wakazi na, alipopimwa, na sifa za damu yake.

Faida ya uoanishaji wa aina hii ilidhihirika mwaka wa 2005. Ilikwisha kujulikana kuwa mtoto aliyerithi jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria kali. Hali kadhalika aliyerithi talasemia ya alfa. Data za watoto wa Kilifi zilionyesha kuwa anayezirithi zote mbili hupoteza takriban kinga yote. Tabibu peke yake asingaliona jambo hilo, wala mtaalamu wa maabara peke yake.

Nambari, hata hivyo, humtambulisha mtu tu; ugonjwa hutambulishwa kwa neno. Mzazi husema mwanawe ameshikwa na degedege. Neno hilo hutaja mtukutiko wa mwili, ambao huenda ukasababishwa na malaria ya ubongo, homa nyingine kali, au uambukizo wa utando wa ubongo. Karani akiandika 'kifafa', tarakilishi itamweka mtoto huyo katika kundi lisilo lake, na jeni zake zitahusishwa na maradhi asiyokuwa nayo. Mtambo hautalalamika, hitilafu itajitokeza katika matokeo ya utafiti.

Ni dhahiri basi kuwa uundaji wa istilahi za tiba si pambo la lugha. Kila dhana yafaa ipewe msimbo wake, na maneno ya wasemaji, yakiwemo ya lahaja, yaorodheshwe chini yake. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa wahandisi pekee. Inamdai mwanaisimu wa Kiswahili.