SOMO: Udongo wa Arua na Koboko Haukuletwa na Upepo



Tangu enzi za Waingereza wanaume wa West Nile wamekuwa wakisafiri kwenda Kakira na Lugazi kukata miwa. Mpaka leo mfanyakazi wa aina hiyo akimaliza miaka yake ya kazi, mara nyingi akiba yake kubwa ni kipande cha ardhi alichoachiwa na wazee wake Arua au Koboko. Kwa hiyo leo tutajifunza habari za udongo. Mfanyakazi huuliza mshahara wake umekatwa kiasi gani, na ni haki vilevile aulize shamba lake linakatwa kiasi gani kila mvua inyeshapo.

Tuanze mbali kidogo, ili tupate cha kulinganisha. Kaskazini mwa China kuna uwanda wa juu wenye eneo la kilometa za mraba 640,000 hivi, yaani zaidi ya mara mbili ya Uganda nzima. Udongo wake ni wa rangi ya manjano, nao uliletwa na upepo. Kwa zaidi ya miaka milioni mbili upepo umekuwa ukichota vumbi laini kutoka majangwani na kulimwaga hapo, tabaka juu ya tabaka, mpaka mahali pengi udongo umepita kina cha mita 100. Wataalamu huuita loesi. Chembe zake ni ndogo kuliko za mchanga lakini kubwa kuliko za udongo wa mfinyanzi. Ni mwororo kulima, na husimama wima ukikatwa, hata watu wamechimba nyumba ndani yake.

Hata hivyo maji huuyeyusha upesi kama sukari. Miti ilipokatwa na miteremko kulimwa ovyo, makorongo yalikula nchi, na katikati ya karne iliyopita Mto Manjano ulikuwa ukibeba takriban tani bilioni 1.6 za udongo kwa mwaka.

Je, udongo wetu ulitoka wapi? Ulizaliwa palepale ulipo. Chini ya Arua na Koboko kuna mwamba mgumu wenye mistari uitwao naisi, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,000. Mvua na joto vimeuozesha polepole kutoka juu kwenda chini. Sehemu zilizokataa kuoza ndizo zimebaki kama milima: Liru huko Koboko na Wati huko Terego, ambayo wazee wa Kilugbara huihusisha na mashujaa wao Jaki na Dribidu.

Mji wa Arua uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Upande wa magharibi, mpaka na Kongo unafuata mgongo wa nchi unaogawa maji: tone likianguka upande mmoja huenda Mto Kongo na bahari ya Atlantiki, likianguka upande wa pili hushuka kwenye Nile na kufika Misri. Kutoka Arua hadi Rhino Camp, kando ya Nile, nchi inashuka karibu mita 600. Maji yakipewa mteremko kama huo hayarudi mikono mitupu.

Sasa tuangalie ndani ya shimo. Mvua ya miaka mingi imeosha chokaa na chumvi nyingi zinazolisha mimea, ikaacha chuma, na ndiyo maana udongo ni mwekundu. Chakula cha mmea kimebaki zaidi katika tabaka la juu, lile jeusijeusi lenye mboji ya majani yaliyooza, na mara nyingi kina chake hakipiti urefu wa kiganja. Chini yake mahali pengi kuna changarawe nyekundu, ile ile inayochimbwa kutandika barabara. Tabaka la juu likiondoka, changarawe hii hupigwa na jua ikaganda kama jiwe, na hapo hata muhogo hukataa.

Tupige hesabu. Milimita moja tu ya udongo ikichukuliwa katika hekta moja ni mita za ujazo 10, yaani tani 12 hivi. Hizo ni karibu lori mbili za tani saba, na mwenye shamba hakuona kitu. Kuirudisha milimita hiyo kwa kuoza kwa mwamba huchukua makumi ya miaka. China upepo uliwaletea vumbi la bure. Sisi hatuna mletaji.

Nani amevua nchi nguo? Tumbaku inahusika sana, kwani majani yake hukaushwa kwa kuni. Mnunuzi hupima kilo za majani, lakini sijasikia mizani inayopima miti. Kuna matofali ya kuchoma, na makaa yanayopelekwa mijini. Tangu 2016 wakimbizi wengi wa Sudan Kusini wamepokelewa West Nile, nao wanapika kwa kuni kama sisi. Tusiwalaumu: watu wa Arua na Koboko nao walikimbilia Zaire na Sudan baada ya 1979, wakakata kuni za wenyeji huko.

China walirekebisha sehemu kubwa ya makosa yao. Kati ya 1994 na 2005, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, walikata matuta, wakapanda miti na kuzuia mifugo miteremkoni. Lakini hatuhitaji kusubiri mkopo. Huko Machakos, Kenya, vikundi vya mwethya, wengi wao wanawake, vimechimba matuta ya “fanya juu” kwa majembe tu.

Chukua miti miwili ya mita mbili, uifunge juu kama herufi A, uweke mti wa kukingama katikati. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukingama. Badilisha miguu mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Anzia juu ya shamba, tembeza kifaa kukata mteremko, kila kamba inapogusa usawa piga kigingi kwenye mguu. Fuata vigingi ukichimba mtaro wa sentimeta 60 kwa 60, na udongo utupe upande wa juu. Juu ya tuta panda majani ya tembo. Desemba, mvua zikiisha, ardhi bado ina unyevu na wengi huwa likizoni nyumbani. Huo ndio wakati wa kuchimba, kabla jua la Januari halijaikausha.